Kisiwa Kimoja na Mama Mkwe

Jumatatu, 28 Julai 2025

Pelagia bado yuko kwao Goweko. Kisa, cherehani. Nilibadilishana cherehani yake na pikipiki. Pikipiki nzuri! Haina injini, ni kweli, lakini bodi yake haina mkwaruzo. Mke mwenye jicho la biashara angeona mbali. Yeye aliona mlango tu, akatoka na nguo zake, mwanetu Shukrani akiwa bweni shuleni, na bado hajarudi.

Jirani yangu Nurdini, muuza magodoro hapa Kanyenye, ana ushauri. Nani kamwomba? Duka langu la spea za baiskeli limepakana na lake, basi anadhani na akili zetu zimepakana. Anasema mila iko wazi. Mume aliyekosa anachukua wazee wake wawili, anakwenda ukweni, anakaa mkekani, anasema nimekosa, anatoa mbuzi wa faini, anarudishiwa mke wake. Kazi ya asubuhi moja, anasema. Nimemwambia auze magodoro.

Mimi, Raymundi, nikae mkekani mbele ya shemeji zangu nisemwe kama mtoto aliyekojoa kitandani? Thubutu!

Nina njia ya mkato. Tobias, niliyesoma naye, anasimamia nyumba ya wageni kwenye kisiwa kidogo mbele ya Bagamoyo. Ananialika kila mwaka. Ufuko mweupe, anasema, kimya, hakuna mtu. Pelagia hajawahi kuona bahari, na siku ya harusi nilimwahidi. Basi nitampeleka. Ataona maji, moyo utalainika, atarudi Tabora mwenyewe bila kikao wala mkeka. Mbuzi atapona na mimi nitapona.

Nimempigia simu jioni. Akasema sawa, atakuja. Nilitoka nje nikapita mbele ya duka la Nurdini mara tatu nikipiga mluzi.

Jumamosi, 2 Agosti

Uonevu! Uonevu mtupu!

Pelagia kapiga simu. Anakuja na mama yake. Anasema mwanamke aliyerudi kwao hakabidhiwi kwa mume porini kabla ya kikao, lazima awe na mkubwa wake. Halafu mama mwenyewe anataka kuiona bahari. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi, alikwenda pwani kwa miguu na pembe za ndovu kichwani, na wajukuu wote wamelelewa kwa hadithi hizo. Nilimwambia Pelagia kisiwa ni kidogo sana. Akanijibu kwamba mama yake si mnene.

Asiyekuwa na mkwe wa kwetu ataona ni jambo dogo. Mama mkwe hatazamwi usoni! Ukikutana naye njiani unaingia porini mpaka apite. Huli mbele yake wala yeye hali mbele yako. Humsemeshi, yeye hakusemeshi, maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Jina lake halitajwi na hata hapa siliandiki, ingawa daftari ni langu na kalamu ni yangu. Tangu nioe nimemwona kisigino tu, tena kwa bahati mbaya. Lakini Goweko kuna mashamba ya tumbaku na pori la kutosha, mtu unajificha kwa heshima. Kisiwani nitajificha wapi?

Nurdini alicheka mpaka akaangukia godoro la maonyesho. Akauliza kama nitaogelea na suti. Mtu mpumbavu sana yule.

Jumanne, 5 Agosti

Basini tangu alfajiri. Wao viti vya mbele, mimi kiti cha mwisho kabisa, juu ya tairi. Kila tuliposimama kula, mama mkwe alishuka, basi mimi nikabaki ndani. Aliporudi ndani, nikashuka mimi, na dereva akapiga honi ya kuondoka. Nimefika Morogoro na karanga za mfuko mmoja.

Na sauti yake! Basi zima limemsikia. Babu yangu alilala hapa. Babu yangu alilala na pale. Kila mji babu alilala. Sielewi mzee yule alitembea saa ngapi. Abiria wanafurahia, wanamwita bibi, wanamnunulia ndizi. Mimi hakuna aliyeninunulia kitu.

Pelagia aligeuka mara moja akanitazama. Amependeza. Amesuka nywele upya. Nikampungia mkono, kondakta akadhani nataka kushuka.

Jumatano, 6 Agosti

Kisiwani. Boti ilikuwa moja, kwa hiyo nilikaa mbele kabisa na mgongo kwao, nikala mawimbi yote peke yangu. Nimelowa mpaka kwenye pochi.

Tobias amenenepa na anajisifu. Akatuonyesha mali yake. Njia moja. Ufuko mmoja. Vibanda viwili vinavyotazamana. Meza moja ya kulia. Nilimvuta pembeni nikamuuliza ni mjenzi gani anayejenga namna hiyo bila kufikiria wakwe. Akasema wageni wake wengi ni Wazungu, hawana tatizo hilo. Mnyamwezi mzima anaongea hivyo! Pwani imemharibu.

Chakula cha usiku nimekula nyuma ya jiko, nimekaa juu ya ndoo, jogoo wa Tobias akinitazama kila tonge. Wao mezani wanacheka. Nikamsikia Tobias akiwaeleza jambo refu kuhusu maji, maji yakienda, maji yakija, mama mkwe akiuliza maswali na yeye akirudia. Sikufuatilia. Maji ni maji, na mimi nilikuwa nimekwamwa na mwiba wa samaki.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa leo ulikuwa rahisi. Mimi na Pelagia, mchanga mweupe, tunatembea polepole, namwambia maneno niliyoyaandaa. Nilivaa shati jipya.

Mama mkwe ametandika mkeka katikati ya ufuko. Katikati! Si mwanzo, si mwisho. Ukitoka kushoto unamwona, ukitoka kulia unamwona. Kila nilipochomoza kichakani alijifunika khanga kichwani kwa adabu, na mimi kwa adabu nikarudi kichakani. Nimerudi kichakani kutwa nzima. Sisimizi wa huku wanauma kama wamelipwa.

Adhuhuri wakaingia majini, mama na binti, na nguo zao, maji ya magoti. Nikamsikia Pelagia akicheka. Kicheko kile cha kukatakata pumzi. Sijakisikia nyumbani kwangu tangu Pasaka. Kiliniuma sana, tena kikanikasirisha zaidi, maana si mimi niliyemchekesha. Ni bahari niliyomtafutia mimi, na faida inakwenda kwa mama yake!

Shati limechanika kwenye miiba.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Nimeamka na dawa. Mama mkwe lazima atoke kisiwani, walau kwa siku moja. Nilimtuma Tobias amwambie kwamba leo ni Nane Nane, ng'ambo kuna maonyesho ya kilimo, ng'ombe wakubwa ajabu, na boti inaondoka asubuhi. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa jiko nisikie.

Hakumjibu Tobias. Akamgeukia jogoo. Akamwambia jogoo, kwa sauti ya kufika nyuma ya ukuta, kwamba ng'ombe Goweko wapo, kisichokuwepo Goweko ni bahari. Na kwamba aliyewaza jambo hilo angefikiria kwanza mambo ya nyumbani kwake.

Haya. Dawa ya pili. Nikamwambia Tobias atangaze kuwa ufuko una jini, huwa anatoka jioni na hapendi wanawake wazee. Tobias alikataa, nikamkumbusha nani alimpa majibu ya hesabu darasa la saba. Akatangaza. Kumbe nimewasha moto! Mama mkwe alitoa rozari, akaenda kukaa pale pale penye jini, akasali kwa sauti mpaka mpishi akaungana naye, na Tobias naye, na Pelagia. Jioni nzima. Mimi peke yangu nyuma ya jiko na jogoo, sote tuna njaa kwa sababu mpishi yuko kwenye sala.

Baadaye Pelagia akaniletea wali. Akakaa kwenye kizingiti. Mara yetu ya kwanza kuwa wawili tu! Akaniuliza, bila ukali wowote, kwa nini siendi tu kwao nikasema. Hata wazee si lazima, akasema. Neno moja tu, nimekosa, yeye mwenyewe amechoka kukaa Goweko.

Hapo ndipo palikuwa pazuri pa kumweleza jinsi bei ya bodi za pikipiki itakavyopanda mwakani. Nikamweleza. Nilikuwa bado sijafika kwenye matairi alipochukua sahani, nikiwa sijamaliza kula, akaondoka.

Sasa wali wangu umekwenda wapi? Hii nayo ni haki?

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa na baridi na hasira, zaidi hasira.

Asubuhi nilipotoka, bahari haikuwepo. Imeondoka! Mahali palipokuwa na mawimbi jana pamekuwa uwanja mtupu, mchanga na majani na kaa. Na kule mbali, fungu kubwa la mchanga limejitokeza, jeupe, safi, halina kichaka wala mkeka wala mkwe. Nikajua Mungu ameona mateso yangu. Kisiwa changu mwenyewe!

Tobias alikuwa amevuka ng'ambo na boti kununua mahitaji. Sikuhitaji ruhusa ya mtu. Nikabeba kiti, papai, redio na pakiti ya biskuti, nikatembea kwa miguu mikavu mpaka kule. Nikamtumia Pelagia ujumbe: njoo hapa, tuko peke yetu. Akajibu: njoo wewe huku. Nikaandika: nimekutangulia, nimeandaa. Hakujibu. Nikasema atakuja, mwanamke lazima avutwe kidogo. Kwa kuwa hakuna mkwe wa kuniona, nikavua suruali na shati, nikabaki na bukta, nikakaa kitini kama bwana mkubwa. Upepo ukapuliza. Nikalala.

Niliamshwa na kitu cha baridi miguuni. Papai linaelea. Redio inaimba chini ya maji, kisha haiimbi. Nikasimama nikageuka huku na huku. Bahari imerudi! Imepita nyuma yangu kimya kimya kama mwizi, na kisiwa changu kimebaki ukubwa wa mkeka.

Mimi ni mtu wa Tabora. Maji yetu hukaa yalipo. Ziwa likiwa pale asubuhi, jioni liko pale. Nani angenifundisha kwamba kuna maji yanayokwenda safari na kurudi? Na kuogelea sijui. Nikapiga kelele, nikataja watakatifu wote ninaowafahamu.

Ufukweni wakatokea wawili. Pelagia, ambaye haogelei, akaanza kukimbia huku na huku akiniita. Na mama yake. Nikaona mama mkwe amefungua khanga zake mbili za ziada, anazifunga fundo. Halafu akageuka, akanipa mgongo, akajifunika kichwa, akaingia baharini kinyumenyume.

Kinyumenyume! Mwanamke wa umri ule! Hatua kwa hatua, uso wake ufukweni, mgongo kwangu, maji yakipanda magotini, kiunoni, kifuani. Na huku anamuuliza Pelagia kwa sauti, mtu yule yuko upande gani? Pelagia anajibu, kushoto mama, kushoto zaidi! Naye anarudi nyuma kushoto. Nami nimesimama na bukta iliyotoboka, sijui nifiche nini kwanza. Nikafunga macho, maana yeye kanipa mgongo lakini mimi namwona, na hilo nalo ni kosa.

Alipokaribia akarusha khanga juu ya bega lake. Nikaidaka. Akaanza kutembea kwenda pwani akinivuta kama ndama aliyegoma. Bukta ikashuka, sitaandika ilifika wapi. Katikati ya njia nikagundua miguu yangu inagusa chini. Maji yalikuwa ya kifua! Ningeweza kutembea mwenyewe muda wote huo. Hakuna aliyeniambia!

Ufukweni Pelagia akanifunika mkeka. Alikuwa analia na kunipiga mgongoni kwa wakati mmoja, akisema nilidhani umekufa, nilidhani umekufa. Nilitaka kumwambia jambo la maana. Nikasema redio imeharibika.

Tobias karudi jioni. Anasema alieleza yote siku ya kwanza mezani. Maji hupwa asubuhi na kujaa alasiri, na wakati huu wa mwezi mpevu ni bamvua, hujaa kuliko siku zote. Wote walisikia. Ndiyo, wote waliokuwa mezani! Na nani alikuwa nyuma ya jiko kwa heshima ya ukwe? Nimeheshimu mila, mila ikataka kunizamisha. Naomba hilo liandikwe, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuliandika, nimeliandika.

Jumapili, 10 Agosti

Mama mkwe katuma ujumbe kupitia Tobias. Nilidhani ni mashtaka mapya. Mkwe kuvutwa kwa khanga ya mkwe, tena akiwa hana nguo za maana, nilihesabu kichwani mbuzi wasiopungua kundi.

Kumbe hapana. Anasema ya baharini yameishia baharini. Haya mengine ya nchi kavu ndiyo anayoyataka. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu nifike Goweko. Nikiwa na wazee, vizuri. Nisipokuwa nao, nije hivyo hivyo. Nikiwa na mbuzi, vizuri, nisipokuwa naye hakuna atakayeuliza. Ninalotakiwa kuleta ni mdomo wangu. Niseme nimekosa, na Pelagia ataondoka nami jioni hiyo hiyo. Tobias akasema hajawahi kuona mkwe mwepesi namna hii. Nikamwambia hakuulizwa.

Wakati wa kupanda boti Pelagia alibaki nyuma. Akanishika mkono. Sijashikwa mkono na mtu tangu aondoke, isipokuwa na mteja mmoja aliyekuwa anagombea chenji. Akasema, "Uje mwenyewe, Baba Shukrani." Akarudia, "Mwenyewe."

Nikasema nitakuja. Macho yakanichonyota. Chumvi ya huku ni kali mno.

Ijumaa, 22 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Na mimi sikukaa bure!

Nimefikiri sana. Mwanamume yeyote anaweza kwenda Goweko akasema nimekosa. Hata Nurdini anaweza. Pelagia anastahili zaidi ya hapo. Aliipenda ile bahari, nilimsikia kwa masikio yangu akicheka. Basi nitamtengenezea ufuko hapa hapa Tabora! Nimepata sehemu tulivu kando ya bwawa la Igombe. Nimekodi fuso ya mchanga, na mwavuli wa makuti, na viti viwili. Mchanga ni mwekundu kidogo, lakini kwa mbali na jicho moja likiwa limefumbwa, haupishani sana. Na maji ya bwawa hayaendi popote. Hapo nimewashinda watu wa pwani.

Tatizo ni kwamba fuso inapatikana Jumamosi tu. Kwa hiyo Goweko atakwenda Nurdini kwa niaba yangu, na mbuzi wawili badala ya mmoja, na simu yangu ya zamani ambayo nimerekodi ndani yake msamaha wa nguvu. Una utangulizi, una methali, una sehemu ya pikipiki iliyofafanuliwa vizuri. Neno nimekosa nimeliweka mwishoni kabisa, ili lipate uzito. Nurdini kasema nimeambiwa niende mwenyewe. Nikamwambia sauti ni yangu, maneno ni yangu, mbuzi ni wangu, sasa nini kingine kinachoitwa mwenyewe? Alinitazama kama mtu anayetazama godoro lililolowa, akachukua simu.

Jumapili, 24 Agosti

Nina hasira ambazo sijawahi kuwa nazo.

Nurdini karudi jana usiku na mbuzi wote wawili. Anasema uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mkeka umetandikwa. Shemeji zangu wote kimya, hakuna aliyekuja kunisema, wamekaa kwa adabu kama wageni. Mama mkwe yuko kwenye kigoda nyuma ya mlango, kajifunika, anangoja sauti. Kuku wanne wameshachinjwa. Pelagia kavaa kitenge cha kijani nilichomnunulia Shukrani alipozaliwa, na begi lake liko barazani limeshafungwa.

Nurdini akawasha simu. Anasema walisikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyekohoa. Ilipokwisha, mama mkwe akaiuliza ile simu, mwenyewe yuko wapi? Nurdini, mtu asiyeweza kutunza siri hata ya godoro, akajibu kwamba mwenyewe yuko bwawani anasawazisha mchanga.

Pelagia alisimama. Akanyanyua begi lake akalirudisha ndani.

Na mimi? Mimi nilikuwa Igombe mpaka giza likaingia! Nimesawazisha mchanga kwa mikono hii. Nimeweka papai mezani. Nimekaa kwenye kiti kimoja nikatazama kile kingine, na kila gari lililokuja nikasimama. Yuko wapi aliyeniuliza kuhusu hilo? Nurdini kakaa pale mlangoni kwangu ananitazama kwa huruma, nikamfukuza.

Baada ya kumfukuza nimeichukua ile simu nikaisikiliza upya, kwa utulivu, kama mtu mwingine. Kosa nimeliona. Nurdini aliweka sauti ndogo. Mama mkwe yuko nyuma ya mlango, Pelagia yuko barazani mwishoni kabisa, wangesikiaje neno la mwisho? Hawakulisikia! Ndiyo maana.

Jumamosi ijayo nampa Nurdini spika kubwa.